Mama aliacha vidonge vya presha akawa anakunywa kokoa. Nimefuatilia ukweli wa hii kitu, karibuni (uzi mrefu)

Mwana wa Ipinda:

Wakuu habari za jioni. Mimi huwa ni msomaji tu humu ila leo imebidi niandike maana kuna kitu kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kimetufikia mpaka nyumbani.

Kwetu ni Kyela, Ipinda kule. Anayeijua Kyela anajua habari ni mpunga na kokoa (wengine mnaita kakao, ni kitu kilekile), na nyuma ya nyumba yetu kuna miti ya kokoa aliyoipanda marehemu mzee. Mama ana miaka 63, presha ilionekana 2019, akaanzishiwa amlodipine, baadae wakamuongezea losartan, akatulia vizuri tu, kliniki anaenda kila mwezi hakosi. Mwaka jana ikapita voice note kwenye grupu la kina mama, mtu anajiita mtaalamu wa lishe, anasema kokoa inatibu presha moja kwa moja, vijiko viwili asubuhi viwili jioni, na vidonge uachane navyo maana vinaua figo. Mama akaona si ndo hii hii iko nyuma ya nyumba, Mungu kanipa dawa bure miaka yote nauza kwa wanunuzi. Akaacha vidonge kimya kimya, hakumwambia hata dada anayekaa nae.

Wiki ya tano dada anatoka kisimani anamkuta mama amekaa jikoni kwenye kigoda ameshika kichwa kwa mikono miwili, sufuria ya kokoa iko jikoni bado inachemka, anaitwa anajibu lakini maneno yanatoka mazito kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kufika hospitali kipimo 198 kwa 114. Maneno yalirudi ndani ya kama saa moja hivi, daktari akasema hii ni onyo la kiharusi, mshukuruni Mungu. Amelazwa siku nne.

Sasa mimi nilirudi Dar nikiwa na hasira na nilitaka nije niandike humu kwamba kokoa ni uongo mtupu. Ila nikasema ngoja kwanza nisome, nikasoma miezi, nikamsumbua na jamaa yangu mmoja mfamasia. Nilichokuta ni kwamba siyo uongo wote, na kwa maoni yangu hapo ndo ilipo hatari yenyewe. Kokoa kweli inashusha presha. Inashusha pointi mbili, tatu, kwa mwenye presha ya juu labda nne. Mama pale hospitali alihitaji kushushwa karibu pointi 60. Hizo hesabu mbili ndo hakuna aliyezisema kwenye ile voice note.

Nitaendelea kuandika taratibu, mwenye swali aulize.

Mama Wawili:

Pole sana kwa mama aisee, nimesoma nimesisimka maana na mimi mama mkwe wangu ni hivyo hivyo, kila wiki ana dawa mpya kutoka kwenye simu, juzi ilikuwa kitunguu swaumu, kabla ya hapo majani ya mpera. Nimekaa hapa nasubiri muendelezo. Swali langu ni moja, hiyo kokoa inashusha kwa njia gani? Au ni watu tu wanahisi nafuu?

Mwana wa Ipinda:

@Mama Wawili asante dada. Siyo kuhisi, njia yake inajulikana kabisa.

Kwenye mbegu ya kokoa kuna vitu vinaitwa flavanoli, mkubwa wao ni epikatekini. Ukimeza, ule utando wa ndani wa mshipa wa damu unatengeneza kwa wingi zaidi hewa moja inaitwa naitriki oksaidi, na hiyo hewa kazi yake ni kuuambia msuli wa mshipa legea. Mshipa ukilegea njia inapanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu, presha inashuka kidogo. Hiyo naitriki oksaidi ndo waliogundua kazi yake mwilini walipewa Nobel ya tiba mwaka 1998, Furchgott, Ignarro na Murad, kwahiyo siyo habari ya vichochoroni.

Sasa kokoa iliingiaje. Kuna kabila linaitwa Kuna, siku hizi wanaandika Guna, wako Panama kwenye visiwa vya San Blas upande wa bahari ya Karibi. Tangu miaka ya 1940 ilishaandikwa kwamba hawa watu wa visiwani presha ya juu hawana, na hata wakizeeka presha haipandi kama ya kwetu inavyopanda. Miaka ya 1990 akaenda daktari wa Harvard, Norman Hollenberg, na wenzake, wakapima. Wakadhani labda ni damu yao, yaani wamezaliwa hivyo. Lakini wale Kuna waliohamia mjini Panama City presha ilikuwa inawapanda kama watu wengine wote. Wakadhani labda visiwani hawali chumvi, wakakuta chumvi wanakula tena siyo kidogo. Kilichokuwa tofauti kubwa ni kwamba visiwani wanakunywa kokoa kutwa, vikombe vingi kwa siku, na mjini wameacha wanakunywa kidogo sana.

Hapo watu wengi wanaishia, wanasema umeona! Lakini visiwani pia wanakula samaki zaidi, matunda zaidi, wanapiga kasia kwenye mitumbwi, maisha hayana mbio za mjini. Huwezi ukachomoa kokoa peke yake ukasema ni yenyewe. Ndo maana ilibidi watu wakafanye majaribio kabisa ya kugawa makundi mawili, hawa wape kokoa, hawa wape kitu kinachofanana nayo kisicho na flavanoli, halafu wapime.

Fundi Saa:

Mkuu hizo tafiti mimi siziamini kabisa. Fuatilia utakuta zimelipiwa na makampuni ya chokoleti. Wanataka kuuza. Kama sigara tu zamani.

Mwana wa Ipinda:

@Fundi Saa uko sahihi kwa sehemu kubwa na nilitaka nilifikie hilo. Utafiti mwingi wa kokoa umepata hela kutoka kwa kampuni ya chokoleti ya Mars, hata ile kazi ya wale Kuna, na hawajaficha, imeandikwa. Hilo linatakiwa likufanye usome kwa jicho la pili. Ila halifanyi namba zote ziwe za uongo, inabidi uangalie jaribio limefanywaje.

Kuna taasisi inaitwa Cochrane, wao wanakusanya majaribio yote ya jambo moja wanayachambua kwa pamoja. Mwaka 2017 walitoa uchambuzi wa kokoa na presha, majaribio 35, watu 1,804. Matokeo kwa wastani presha ilishuka kama pointi 1.8, namba ya juu na namba ya chini karibu sawa. Waliokuwa na presha tayari, ile namba ya juu ilishuka kama pointi 4. Wenye presha ya kawaida hawakuona kitu cha maana. Na majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache tu. Sasa angalia, kama ni tangazo la biashara ni tangazo gani linasema bidhaa yangu inakushushia pointi mbili.

Kubwa kuliko yote ni lile la Marekani linaitwa COSMOS, majibu yake yalitoka 2022. Watu 21,442, wanawake kuanzia miaka 65 na wanaume kuanzia 60, nusu wakapewa vidonge vya dondoo la kokoa vyenye miligramu 500 za flavanoli kwa siku, nusu vidonge hewa (visivyo na dawa ndani), wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka mitatu na nusu hivi. Swali kuu lilikuwa je, matukio ya moyo yote kwa pamoja, shambulio la moyo, kiharusi, kuzibuliwa mishipa na kadhalika, yatapungua? Yalipungua asilimia 10, lakini kitakwimu haikutosha kusema siyo bahati. Vifo vya moyo peke yake vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Hiyo ya pili ndo inayotajwa kwenye magazeti, ya kwanza haitajwi. Wenyewe watafiti walisema inahitaji kurudiwa. Na kumbuka, vilikuwa vidonge, siyo chokoleti.

Nesi wa Zamu:

Nimevutwa na huu uzi, mimi ni muuguzi kliniki ya presha na sukari, mkoa sitautaja. Mleta mada pole na nashukuru umeandika kwa kupima maneno.

Nataka niseme kuhusu ile sentensi ya "vidonge vinaua figo" maana hiyo ndo inatuletea wagonjwa. Kinachoua figo ni presha yenyewe. Figo ni vijishipa vidogo vidogo vingi sana, ukivipiga kwa presha ya 180 kila siku kwa miaka vinachakaa, mtu anafika kwetu figo zimeshakwenda na kwa sababu alikuwa anameza vidonge mara leo anameza kesho hamezi, ndugu wanasema ni vidonge. Losartan anayotumia mama yako ni katika dawa tunazowapa watu wa kisukari ili kuzilinda figo. Kuna vipimo tunafuatilia ndio, potasiamu na kazi ya figo, lakini ndo maana kuna kliniki.

Halafu presha mara nyingi haina dalili. Mama alipoacha vidonge wiki ya kwanza, ya pili, hakusikia kitu, si ndio? Pengine alijisikia mzima kuliko mwanzo maana amlodipine ilikuwa inamvimbisha miguu. Mgonjwa anachukua hiyo nafuu kama ushahidi kwamba kokoa inafanya kazi. Mimi nimeacha kuwagombeza, namuuliza tu mama tangu uanze hiyo dawa ya asili umepima mara ngapi? Kimya.

Na kwa mnaopima nyumbani, kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo juu ya meza, usiongee, na usiwe umekunywa kahawa, chai ya rangi au hiyo kokoa ndani ya nusu saa. Pima mara mbili. Mtu anapanda ngazi anafika anapimwa hapo hapo anaambiwa 160 anachanganyikiwa.

Mwana wa Ipinda:

@Nesi wa Zamu umepiga mule mule, miguu! Mama alikuwa analalamika viatu vya kanisani vinambana, alipoacha dawa vikamtosha akasema umeona. Hilo sikuwa nimeliunganisha mpaka umeliandika.

Chalinze Kwetu:

Sasa wakuu twende kwenye la muhimu, chokoleti za madukani je? Mimi nakula sana chokoleti nyeusi nimeambiwa ni nzuri kwa moyo.

Mwana wa Ipinda:

@Chalinze Kwetu hapa tuelewane vizuri. Chokoleti ya maziwa ya kawaida, ile ya kibandani, kama nusu hivi mara nyingi ni sukari, halafu maziwa na mafuta, kokoa ni kidogo. Ile nyeupe haina unga wa kokoa kabisa, ni mafuta yake tu, flavanoli karibu hakuna. Kuna jaribio la Ujerumani la 2007, watu 44 wenye presha iliyoanza kupanda, kundi moja lilipewa gramu 6.3 tu za chokoleti nyeusi kwa siku, kundi lingine nyeupe, wiki 18. Wa chokoleti nyeusi namba ya juu ya presha ilishuka pointi 2.9 na ya chini 1.9, wa nyeupe hamna. Ona hicho kipimo, gramu 6, ni kipande kimoja kidogo, siyo mche mzima.

Nyeusi ya asilimia 70 ni afadhali ila gramu 100 zake zina nguvu ya kama kilokalori 600. Ukila mche kila siku ukisubiri pointi tatu, utanenepa, na unene unapandisha presha zaidi ya hizo tatu. Na asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi inakwambia kokoa ni kiasi gani, haikwambii flavanoli zimebaki ngapi, hiyo inategemea mbegu ilipita wapi. Nadhani wakulima wenzangu humu wanaweza kueleza.

Mkulima Matema:

Ndaga mwana wa nyumbani! Nimeona Ipinda nimesimama. Mama salamu zake.

Mimi kokoa nimezaliwa ndani yake, kwahiyo nieleze. Tunda likiiva linageuka njano au jekundu-njano, unakata na kisu siyo kuvuta maana ukivuta unachubua pale maua yanapotokea, mwakani hutapata. Unapasua, ndani kuna mbegu zimevikwa utelezi mweupe mtamu kweli, watoto wanazimumunya. Mbegu yenyewe ukiikata ikiwa mbichi ndani ni zambarau, onja uone, inauma ulimi unakauka mdomo mzima. Tunavundika kwenye sanduku la mbao au tunafunika na majani ya mgomba, siku tano mpaka saba, unageuza, joto lake ukiingiza mkono huwezi kuuweka muda, na harufu kama ya siki. Baada ya hapo juani kwenye vichanja mpaka ukishika kiganjani inalia kakaka. Ile zambarau inakuwa kahawia na ule ukali unapungua.

Sasa nilivyokuja kuambiwa na bwana mmoja mnunuzi, ule ukali unaokausha mdomo ndo hizo flavanoli zenyewe. Yaani kuvundika kunazipunguza, kukaanga kunazipunguza tena. Lakini usipovundika hakuna ladha ya chokoleti na mnunuzi anakushusha daraja. Kwahiyo utamu wanaoupenda walaji unapatikana kwa kupoteza kile mnachokitafuta nyie wa presha. Hilo lilinishangaza sana.

Nyumbani tukitaka kunywa, tunakaanga zile kavu kwenye kikaango kama karanga, moto mdogo, zikianza kupasuka pasuka unaipua, unamenya, unatwanga kwenye kinu. Haziwi unga, zinakuwa kama siagi ya karanga maana nusu yake ni mafuta. Kijiko kwenye maji ya moto, tangawizi, basi. Bila sukari ni chungu haswa. Wengi wetu tulikuwa hatunywi, tulikuwa tunauza tu, ni juzi juzi hapa tangu bei ilipopanda 2024 na wageni wakaanza kuuliza ndo watu wanajaribu kunywa.

Mwana wa Ipinda:

@Mkulima Matema ndaga fijo kaka. Na hapo pa mafuta naomba niongeze maana ile voice note ilisema vijiko vinne kwa siku. Ile ya kutwanga nyumbani kijiko kimoja cha chakula karibu nusu ni mafuta. Mafuta ya kokoa siyo mabaya kama mengine, sehemu kubwa ya yale yanayoganda ni asidi ya steariki ambayo haipandishi sana lehemu (kolesteroli) mbaya, lakini ni mafuta na yananenepesha kama mafuta mengine. Vijiko vinne na sukari juu, maana mama alikuwa anaweka sukari vijiko vitatu kila kikombe.

Bahati wa Beni:

Bonjour bandugu. Mimi niko Beni, Kongo. Huku kwetu kakao tunalimaka mingi sana, Beni mpaka Mambasa, na vita imetunyima kuingia mashamba miaka mingi, watu wamekufia kwenye kakao yao. Nimependa huu uzi juu sisi tunauzaka mbegu yote inaenda Ulaya na hatujue inafanyaka nini mu mwili. Baba yangu iko na tansio, ile munaitaka presha. Naomba mnieleze, poda ile nyeusi nyeusi ya mu boîte wanauzaka supermarché, ile iko muzuri kwa tansio ao hapana?

Mwana wa Ipinda:

@Bahati wa Beni poleni sana ndugu zetu, Mungu awape amani.

Swali lako ni zuri kuliko yote. Ile poda nyeusi nyeusi mara nyingi imepitishwa kwenye magadi, yaani alkali. Ilianzia Uholanzi kwenye ukoo wa Van Houten karne ya 19, walitafuta namna ya kukamua mafuta na kuifanya kokoa isiwe kali na ichanganyike vizuri na maji. Alkali inaondoa ukali, inaleta weusi, na inaua flavanoli. Kuna vipimo vya Marekani vya 2008, kokoa ya asili ilikuwa na wastani wa miligramu 34.6 kwa gramu moja, iliyopitishwa alkali kidogo 13.8, ya wastani 7.8, iliyopitishwa sana 3.9. Yaani kutoka 34 mpaka chini ya 4, jina kwenye kopo ni lilelile kokoa.

Namna ya kuitambua: soma viambato, ukiona neno alkali au E500 au E501, ndo hiyo. Ya asili rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu, siyo nyeusi, na ukinusa ina uchachu fulani. Ukiweka maji kidogo na bikaboneti ya kuoka kwenye ya asili inatoa povu kidogo maana ina tindikali. Na zile za kopo za kunywa za watoto, zenye kimea na sukari na maziwa, hizo ni kinywaji kitamu tu, usizihesabie kwenye presha.

Kwa kipimo, mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2012 walikubali maneno haya tu, kwamba miligramu 200 za flavanoli za kokoa kwa siku zinasaidia mishipa kubaki na ulaini wake. Miligramu 200 ni kijiko kimoja cha chakula cha ya asili nzuri, au vijiko vingi mno vya ile nyeusi. Na Marekani 2023 wakaruhusu maandishi kwenye unga wenye flavanoli nyingi tu, ila kwa sharti waandike kwamba ushahidi ni mdogo sana. Kokoa ya kawaida na chokoleti hazimo.

Zuwena T:

Mimi nilijaribu kikombe kila usiku, nikawa silali na moyo unadunda kama ngoma. Ni kawaida?

Nesi wa Zamu:

@Zuwena T acha ya usiku. Kokoa ina theobromini na kafeini kidogo, kwa baadhi ya watu mapigo yanaenda mbio. Ukiacha na bado moyo unadunda, nenda upimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), usikae nayo.

Na naomba hili lisomwe: mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asianze kokoa bila kumuuliza daktari wake, unga wa kokoa una potasiamu nyingi, na oksaleti pia kwa wale wenye historia ya mawe ya figo. Anayetumia dawa za kundi la losartan au enalapril potasiamu yake tayari inaelekea kupanda, kikombe kimoja kwa figo nzima hakina neno, ila vijiko vinne kwa siku kwa mama wa miaka 63 ambaye figo zake hazijapimwa, mimi nisingependa. Wenye kiungulia pia itawasumbua.

Fundi Saa:

Mleta uzi nakupa pongezi, nilikuja na ubishi ila umenijibu kwa hoja. Nimesoma pia kwamba chokoleti nyeusi zina metali nzito zenye sumu, risasi (ile metali) na kadimiamu, hilo vipi?

Mwana wa Ipinda:

@Fundi Saa ni kweli lipo. Mwisho wa 2022 shirika la walaji la Marekani Consumer Reports walipima chokoleti nyeusi 28, 23 kati yake walisema mtu mzima akila kipande cha gramu 28 hivi kwa siku anavuka kiwango wanachokiona salama cha risasi au kadimiamu au vyote. Kadimiamu mti unaivuta kutoka ardhini, hasa udongo wa baadhi ya sehemu za Amerika ya Kusini, risasi inaingia zaidi wakati wa kukausha, vumbi la barabara na uchafu. Ulaya wameweka ukomo wa kadimiamu tangu 2019. Kwahiyo kwa wakulima wenzangu, kuanika kokoa kwenye lami au pembeni ya barabara tuache, tuanike kwenye vichanja. Na kwa mlaji, kidogo kila siku inatosha, na mama mjamzito na watoto wasilishwe chokoleti nyeusi kila siku kwa jina la afya.

Mama Wawili:

Kwahiyo kwa mtu kama mama mkwe nimwambieje sasa? Maana nikimwambia usinywe atakunywa kwa kujificha.

Nesi wa Zamu:

Dada usimkataze. Mwambie anywe kikombe kimoja mchana, isiyo na sukari au sukari kidogo sana, na vidonge vyake aendelee kama alivyoandikiwa. Halafu kaa nae muangalie chumvi. Kupunguza chumvi kutoka ile tunayokula sasa kuja karibu na gramu tano kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kwa mboga zote za kutwa, mwenye presha anapata kama pointi tano. Hiyo ni zaidi ya kokoa na haina gharama. Viungo vya unga vya paketi na vile vya mchemraba mnavyotia kwenye mchuzi vingi vina chumvi nyingi, dagaa waliokaushwa kwa chumvi waoshe maji mara mbili. Kutembea nusu saa kila siku kunashusha pointi nyingine. Kokoa iwe juu ya hayo, isiwe badala yake.

Chalinze Kwetu:

Na maziwa? Kuna mtu ananiambia maziwa yanaua nguvu ya kokoa.

Mwana wa Ipinda:

Hapo tafiti zinapingana, ya 2003 ilisema maziwa yanazuia kufyonzwa, zilizofuata nyingine hazikuona hivyo. Mimi mama namshauri maji tu na tangawizi kwa sababu maziwa yakiingia na sukari inaingia.

Mkulima Matema:

Mama anaendeleaje sasa lakini? Hujatuambia.

Mwana wa Ipinda:

Kaka nilikuwa nasubiri kliniki ya wiki hii ndo niandike. Jana kapimwa 136 kwa 84, mara mbili, mkono ule ule. Daktari kabadilisha ile amlodipine kipimo kikapungua na miguu imeshuka, kumbe angesema mapema ingeshughulikiwa, hakusema kwa sababu alidhani daktari atamfokea.

Kokoa anakunywa bado. Kikombe kimoja saa nne asubuhi baada ya kutoka bustanini, bila sukari, anakunja uso kila funda, mjukuu anamcheka. Vidonge dada ameviweka kwenye kile kikopo cha plastiki chenye vyumba saba, jumatatu mpaka jumapili, kiko dirishani jikoni karibu na kinu, kwahiyo akienda kutwanga kokoa anakiona. Jumapili nilipopiga simu nikamuuliza mama umemeza, akasema ngoja nikuhesabie, nikasikia anafungua vile vifuniko kimoja kimoja.

@Mkulima Matema nikija mwezi ujao nitapita kwako nichukue kilo mbili zilizokauka vizuri, za kwetu msimu huu zimeshaisha.